Re: Magrupu 40 ya WhatsApp, nayafuatiliaje yote?

Ndugu yangu, umeuliza utawezaje kusoma magrupu 40 bila kupitwa na kitu. Huwezi, na usijitese kujaribu. Mimi nimebakiza matatu: la familia, la kazini na la wazazi wa darasa la mwanangu. Mengine nimeyazima sauti moja kwa moja na kuyaweka kwenye kumbukumbu (Archive); tangu 2021 yakishakaa huko hayapandi juu tena hata ujumbe mpya ukiingia. Nayapitia Jumamosi jioni, basi. Zima pia ile ya picha na video kujipakua zenyewe, bando litapumua. Kuhusu hofu yako ya kukosa taarifa za msiba, nakuelewa sana, nilikuwa nayo. Lakini watu wa karibu hupiga simu.