Casulana anastahili ukurasa wake

Ndugu yangu, unasema Maddalena Casulana, mtunzi wa muziki Mwitalia wa karne ya 16, asiingizwe kwenye ensaiklopidia kwa kuwa hajulikani na habari za maisha yake ni chache. Mimi naona aingie, tena bila kusitasita. Umaarufu wa leo siyo kipimo. Kinachotazamwa ni kama watu wasio na masilahi naye wameandika juu yake kwa kina, na kama kazi yake inathibitika.

Yeye anayo yote mawili. Mwaka 1568, huko Venice, alichapisha kitabu cha madrigali (nyimbo za mashairi zinazoimbwa kwa sauti kadhaa pamoja) za sauti nne, nacho ndicho kitabu cha kwanza cha muziki Ulaya kuchapwa kwa jina la mwanamke. Kitabu hicho alimtunukia Isabella de' Medici, binti wa mtawala wa Florence, akaandika wazi kwamba anataka kuonyesha kosa la wanaume wanaodhani wao peke yao ndio wenye vipaji vya akili. Fikiria ujasiri huo, enzi hizo!

Halafu kuna hili linalonigusa sana. Zamani kila sauti ilichapwa kijitabu chake. Kikipotea kimoja, wimbo mzima unabaki na pengo. Kijitabu cha alto (mojawapo ya sauti hizo) cha madrigali zake za 1583 kilipotea kwa miongo mingi, mpaka mtafiti Laurie Stras alipokitambua Moscow. Nyimbo zikaimbika tena zikiwa kamili.

Tarehe ya kuzaliwa ikiwa na utata, andika "takriban", kisha endelea na kazi zake.