Ruta gani kwa jengo la wapangaji 13 na faiba ya Mbps 500?

Mkuu, kwa ulivyoeleza una jengo la ghorofa 5 hapo Dar, wapangaji 13, watu kama 120, faiba ya Mbps 500 na laini ya akiba ya Mbps 100. Fundi anakushauri uchukue ruta ya Wi-Fi ya antena sita iliyoandikwa AX5400. Usiichukue. Hiyo 5400 ni jumla ya kasi za redio zake mbili kwenye karatasi (574 na 4804), na haikuambii lolote kuhusu uwezo wa prosesa kupitisha data za wapangaji 13 kwa wakati mmoja.

Kinachoilemea ruta ya jengo ni NAT (kubadili anwani za ndani kuwa ya nje), kanuni za faiawoli na foleni za kugawa kasi, na kila pakiti (kipande kidogo cha data) inapita kote huko. Kwa hiyo hesabu pakiti kabla ya megabiti. Gbps 1 ya pakiti za baiti 1518 ni pakiti kama 81,000 kwa sekunde, lakini ya pakiti za baiti 64 ni karibu milioni 1.49. Simu za mtandao na sauti za mikutano ya Zoom ni pakiti ndogo, ndiyo maana ruta "ya giga" inaweza kuanza kukwama huku grafu inaonyesha Mbps 200 tu.

MikroTik, watengenezaji wa ruta, wanaweka jedwali la vipimo kwenye ukurasa wa kila kifaa, na hapo ndipo pa kuangalia. Mstari wa "fast path" (njia ya mkato inayoruka kanuni na foleni) ni wa kuuzia, upite. Soma mistari ya "25 simple queues" na "25 ip filter rules", safu ya baiti 512. Namba hiyo ikiwa angalau mara mbili ya laini yako, kifaa kinakutosha na kinabakiza nafasi ya kukua. Ruta yao ya hEX (RB750Gr3), yenye kore mbili za MHz 880 na RAM ya MB 256, ni nzuri kwa ofisi moja lakini kwa jengo lako haitoshi. Mimi ningechukua RB5009UG+S+IN: kore nne za GHz 1.4, RAM ya GB 1, poti saba za giga, moja ya Gbps 2.5 na moja ya SFP+ (tundu la moduli ya faiba au kebo maalumu) ya Gbps 10. Wapangaji wakifika 30 au laini ikivuka Gbps 1, ndipo fikiria CCR2004-16G-2S+, ambayo pia ina pawa saplai mbili.

Wanaopenda vifaa vya kampuni ya Ubiquiti hukimbilia ruta yao ya Dream Machine Pro, na si mbaya, ila poti zake nane za LAN (za mtandao wa ndani) zinagawana njia moja ya Gbps 1 kuelekea kwenye prosesa. Swichi yako kuu ichomeke kwenye SFP+ ya LAN, la sivyo umelipia kifaa cha Gbps 10 ukatumia moja.

Hilo la njia kati ya ruta na swichi linahusu kifaa chochote. Trafiki ya VLAN moja (mtandao wa ndani uliotengwa, hata kama waya ni mmoja) kwenda nyingine inapanda kwenye ruta na kushuka kwa waya uleule, kwa hiyo mpangaji mmoja mwenye ofisi mbili akinakili mafaili kati ya VLAN zake ataziba waya wa giga na wote wataona intaneti nzito. Weka kebo ya DAC (ya shaba, yenye vichwa vya SFP+ tayari) ya mita 1 kati ya SFP+ ya ruta na SFP+ ya swichi. Kutoka kabati kuu kwenda kila ghorofa tumia faiba, au Cat6 ya shaba tupu isiyozidi mita 90 ukutani. Kariakoo kuna Cat6 nyingi za alumini iliyopakwa shaba. Kwangua ncha ya uzi kwa wembe; ukiona weupe ndani, irudishe, maana ukiisukumia umeme wa PoE (unaopita kwenye waya wa mtandao) kwa umbali mrefu volti zinashuka na vifaa vya Wi-Fi vya darini vinajizima na kujiwasha.

Kila mpangaji mpe VLAN yake na namba zinazosomeka: VLAN 21 iwe 10.20.21.0/24, na kuendelea. Kisha foleni: ya juu kabisa iwe Mbps 475, chini kidogo ya mkataba, ili msongamano utokee kwenye ruta yako unakoweza kuutawala. Chini yake kila mpangaji awe na uhakika wa Mbps 30 na ukomo wa 200. Mara 13 ni 390, haivuki 475. Ikivuka, huo uhakika ni jina tu. Hapa wengi wanaumia: usanidi wa kiwandani umewasha FastTrack, nayo inazirusha pakiti nje ya foleni hizi. Utapanga vizuri na mtu mmoja bado atakula laini nzima. Izime, halafu pima tena prosesa kwa kore moja moja, kwa sababu wastani wa 25% kwenye kore nne unaweza kuwa kore moja iliyojaa kabisa.

Kisanduku cha faiba omba kiwekwe kwenye hali ya brij (kipitishe data tu, NAT ifanywe na ruta yako) ili usiwe na NAT mbili. Kama laini ni ya PPPoE (ya kuingia kwa jina na nywila), MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti, ni baiti 1492. Rekebisha MSS (kiasi cha data kinachoruhusiwa ndani ya pakiti ya TCP), la sivyo tovuti nyingine zitafunguka na nyingine zitaning'inia.

Laini ya akiba ina mtego wake. Ukiweka kuping (kutuma ujumbe mdogo wa kuona kama kuna jibu) geti la mtoa huduma peke yake, yaani ruta yake ya kwanza, geti hilo linaweza kuendelea kujibu hata kama mtandao umekatika huko mbele, na ruta haitahama. Weka njia ya 8.8.8.8 (seva ya DNS ya Google) kupitia geti la laini ya kwanza kwa scope 10, kisha njia kuu ipite 8.8.8.8 kwa target-scope 11 na kuping (kwenye RouterOS 7, mfumo wa ruta za MikroTik). Ikihama, futa miunganisho ya zamani kwa skripti, maana simu za SIP (simu za mtandao) hubaki zimeng'ang'ania njia iliyokufa. Na uliza faiba zote mbili zinaingilia wapi. Zikipita mtaro mmoja, sululu moja inazikata zote.

UPS ya betri moja ya 12V 7Ah, ikibeba ruta, kisanduku cha faiba na swichi ya PoE yenye vifaa kumi vya Wi-Fi, yaani wati kama 150, itakupa dakika 10 hadi 15 hivi. Swichi ya PoE ipe UPS yake.

Siku ya kukabidhiwa, endesha iperf3 (programu ya kupima kasi) kwenye VLAN tatu kwa pamoja kuelekea seva ya nje huku mtu wa nne yuko kwenye simu ya video. Kisha chomoa faiba nyuma ya kisanduku, siyo waya wa ruta, uone kama simu ikipigwa upya inapita kwenye laini ya akiba.