Seva ya RAID Isipowaka, Tafuta Kwanza Ilipokwama

Mwezi wa Januari hapa Lubumbashi ni wakati wa mvua za radi, na umeme ukikatika na kurudi mara tatu kwa usiku mmoja, asubuhi simu yangu haitulii. Asubuhi moja ya namna hiyo alinipigia prefe, yaani mkuu, wa shule ya sekondari iliyoko komini ya Katuba. "Mwanangu, mashine ya alama za wanafunzi imekufa," aliniambia. Nilimjibu, "Papa Prefe, naomba mtu yeyote asiiguse mpaka nifike." Ombi hilo ndilo ushauri wangu wa kwanza, kwa sababu katika seva za Linux nilizohudumia, data nilizoona zikipotea zilipotezwa zaidi na mkono wenye haraka kuliko na diski iliyoharibika.

Seva ile ilikuwa na diski mbili katika RAID 1 ya programu, yaani kila kinachoandikwa kwenye diski moja huandikwa pia kwenye nyingine. Papa Prefe aliuliza swali la haki kabisa: kama diski ya pili ni nakala kamili, mbona mashine haiwaki? Ni kwa sababu RAID ya namna hii huunganishwa na kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, na kabla kerneli haijapakiwa, ubao mama huona diski moja moja tu na kutafuta GRUB, programu inayoipakia kerneli, kwenye mojawapo. Aliyesakinisha mfumo alikuwa ameweka GRUB kwenye diski ya kwanza peke yake, na hiyo ndiyo iliyokufa. Alama za wanafunzi zilikuwa salama. Kilichokosekana ni njia ya kuzifikia.

Kwa hiyo soma skrini kabla ya kuandika amri yoyote. Ubao mama ukisema haukupata diski ya kuwashia, au ukijikuta kwenye `grub rescue>`, shughulikia GRUB. Ukifika kwenye `(initramfs)`, yaani mfumo mdogo wa muda unaotangulia ule mkuu, GRUB imemaliza kazi yake na kerneli imepakiwa, ila RAID yenye mfumo haijaunganishwa.

Kule Katuba niliwasha mashine kwa fulashi yenye Linux na kuandika `cat /proc/mdstat`. Iliniandikia `inactive`. RAID ilikuwa imeunganishwa lakini haijaanzishwa, kwa hiyo niliisimamisha kwa `mdadm --stop` (mdadm ni programu ya kusimamia RAID), kisha nikaianzisha kwa `mdadm --assemble --run` nikitaja diski iliyobaki. Nilisoma tena `/proc/mdstat`, na nilipoona `[_U]` nilitulia: U ni diski iliyo hai, na kistari ni ile iliyokosekana. Jihadhari sana na `mdadm --create` katika saa kama hiyo. Amri hiyo huandika metadata mpya, yaani maelezo ya RAID yaliyomo kwenye diski, juu ya ile ya zamani, na toleo la metadata likitofautiana, mahali data zinapoanzia hubadilika na mfumo wa faili hauonekani tena. Ukiwa na shaka, tumia `mdadm --examine`, ambayo husoma tu, kisha linganisha namba ya Events ya kila diski. Yenye namba kubwa ndiyo iliyoandikwa mwisho.

Baada ya hapo nilipachika mfumo, nikaunganisha `/dev`, `/proc` na `/sys`, nikaingia ndani ya mfumo huo kwa `chroot` na kuendesha `grub-install` ili kuweka GRUB kwenye diski iliyobaki. Kumbuka kwamba diski ya kwanza ikitoweka, ile uliyoizoea kwa jina la sdb inaweza kuitwa sda. Itambue kwa namba yake ya utengenezaji, ambayo `lsblk -o NAME,SERIAL` huionyesha. Kwenye mashine za UEFI, yaani zile zenye mfumo wa kuwashia uliochukua nafasi ya BIOS, kila diski inahitaji sehemu yake ya EFI.

Kuna kukwama kwingine ambako hakutokani na diski mbovu. Katika duka moja la fotokopi huko Kamalondo, mashine ilisubiri sekunde 90 kisha ikaomba nenosiri la msimamizi. RAID ya mafaili ilikuwa imeundwa upya, lakini `mdadm.conf` iliyomo ndani ya initramfs ilibaki na UUID, yaani namba ya utambulisho, ya zamani, kwa hiyo RAID ikajitokeza kwa jina la md127, ilhali `fstab`, faili linaloorodhesha vya kupachikwa mashine inapowaka, ilikuwa ikiisubiri md1. Niliandika matokeo ya `mdadm --detail --scan` kwenye `mdadm.conf` badala ya mstari wa zamani, nikaendesha `update-initramfs -u`, na katika `fstab` nikaweka UUID ya mfumo wa faili badala ya jina.

Diski mpya ya shule ilipofika, niliigawa sawa na ile ya zamani, nikaiongeza kwa `mdadm --add`, na nikaiwekea GRUB pia. Jumamosi, shule ikiwa tupu, tulifanya jaribio ambalo sasa siliruki kwa mteja yeyote: kuzima mashine, kuchomoa diski moja, na kuona kama inawaka kwa iliyobaki. Iliwaka. Papa Prefe alitaka tuchomoe ya pili papo hapo, nikamwomba tungoje, kwani kila diski ikiwashwa peke yake kabla hazijalinganishwa, zote mbili huandikwa tofauti na huwezi tena kusema ipi ni ya kweli. Tulirudisha kwenye RAID diski tuliyoichomoa, tukakaa mbele ya `/proc/mdstat` mpaka ikaandika `[UU]`, ndipo tukazima mashine na kuchomoa ya pili.