Weka Chini Hiyo Rangi, Mzee

Wiki hii pale Nyakato, hapa Mwanza, nimeiona tena. Land Rover 109, Series III, ile ndefu ya zamani, imepigwa kijani mpaka unajiona usoni, na ukiinama nyuma ukabonyeza krosimemba, kile chuma kinachokatiza chesisi, kidole kinazama. Mwenyewe mstaafu, anatabasamu, ameshamlipa fundi rangi. Chesisi haijagongwa nyundo hata moja.

Basi haya ni yenu, wazee wenzangu mliopokea kiinua mgongo mkaona, badala ya kuku wa mayai, mfufue gari la ujana uani. Karibuni. Ni kazi tamu, na mke atajua ulipo muda wote: chini ya gari. Ila makosa mnayoleta ni yaleyale, na mengine nimechoka kuyatazama.

1. "Land Rover haili kutu, ni alumini." Anayeanza hakosi kuniambia hivi, tena kwa sauti ya kunifundisha. Bodi ndiyo, ni aloi ya alumini. Chesisi ni chuma. Ukuta wa injini, ule unaoweka miguu yako mbali na moto, ni chuma. Fremu za milango ni chuma. Na alumini ikikaa na chuma huku unyevu uko katikati, hapo umetengeneza betri ndogo: alumini inalika taratibu na kuacha unga mweupe, kisha rangi ya chuma ikibanduka nacho kinaanza. Tazama ukingo wa chini wa mlango, pale bati lilipokunjwa kukumbatia fremu. Likiwa limevimba, ndani mna unga mweupe na kutu nyekundu vimelala kitanda kimoja. Ukirudisha vipande, paka rangi pande zote mbili, weka ukanda wa mpira au mastiki katikati, na bolti ziwe za zinki zilizopakwa grisi.

Halafu wapo wa "ziwa letu ni maji baridi, kutu ni shida ya watu wa Tanga." Kweli hatuna chumvi, na hilo linatusaidia. Lakini kutu inataka maji na hewa, basi. Matope yaliyojaa ndani ya chesisi na kuziba vitundu vya kutolea maji hayakauki tangu vuli hadi masika. Chesisi hiyo ni boksi, inaoza kutoka ndani kuja nje. Ukiona tundu la shilingi kwa nje, ndani limeshakuwa la sahani.

2. Nyundo kabla ya pochi. Nyundo ya nusu kilo na bisibisi ya zamani, unalala chini, unagonga kila sentimita kumi. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinaguna. Anza na krosimemba ya nyuma, kisha vile vimkono vinavyotoka pembeni kubeba bodi, kisha mizizi ya springi, pale springi zinaposhikwa na chesisi, kisha sakafu ya ukuta wa injini pale kisigino cha dereva kinapokaa. Na kabla hujashika grainda, itafute namba ya chesisi: kwenye Series II na III imegongwa kwenye mkono wa springi ya mbele, kulia. Isugue kwa brashi ya mkono tu. Kuna mzee wa Igoma aliifuta kwa grainda kwa usafi wake mwenyewe, sasa ana gari safi lisilofanana na kadi yake.

3. Spana ni za inchi. Namba 13 inaingia kwenye nati ya nusu inchi, maana nusu inchi ni milimita 12.7, na hapo ndipo pembe za nati zinapolika. Nunua seti ya inchi yenye pembe sita, loweka nati iliyoshika kwa oili ya gia otomatiki iliyochanganywa nusu kwa nusu na asetoni, siku mbili, ukiongeza asubuhi na jioni.

4. Usikate kabla hujaifunga bodi kwa vyuma vya kuishikilia. Hili nalikiri: nimelifanya mwenyewe, kwenye 109, na historia inaishia hapo. Kilichobaki ni cha chuma, na nitakieleza polepole kwa sababu nimeona watu watatu wakikirudia.

Mambo huwa hivi. Umegundua vimkono vya pande zote mbili vimeoza. Una ari, una grainda, una kijana wa kuchomelea anayelipwa kwa siku, kwa hiyo unataka amalize leo. Unapiga jeki katikati ya chesisi kwa kuwa ndipo jeki inapofika, na unakata kushoto na kulia kwa mkupuo mmoja. Gari halianguki. Hapo ndipo linapokudanganya, maana ukuta wa injini, ambao ulikuwa umesimama juu ya vile vimkono, sasa unaning'inia kwenye bolti chache, na wenyewe una miguu iliyooza. Unalegea mbele milimita tano, huku juu mlango ukiwa umeshatolewa, kwa hiyo hakuna wa kukuambia. Chesisi nayo, iliyobanwa katikati na jeki huku injini ikivuta mbele na bodi ikivuta nyuma, inapinda kidogo kama ubao wa kitanda.

Kisha kijana anachomelea. Mstari mrefu wa moto, upande mmoja, bila kupumzika, anajivunia unyoofu wake. Chuma cha moto kikipoa kinajikunja na kuvuta kila kilichoshikana nacho. Sasa upindaji ule umegandishwa. Ulikuwa wa muda, umeufanya wa kudumu.

Hujui bado. Unajua siku ya kurudisha bodi, matundu ya bolti yanapokataa kukutana. Hapo fundi atakuambia, "Mzee, tupanue kidogo kwa drili." Ukikubali, umemaliza kazi ya kuharibu. Bolti kwenye tundu lililopanuliwa inacheza, na inapocheza alumini inapasuka kuzunguka wosha. Mlango wa dereva una nafasi ya milimita sita juu na kumi na tano chini, unafungwa kwa kuinuliwa kama wa chumba cha kupanga. Kioo cha mbele kinapata ufa siku ya tuta la kwanza. Na ukimwomba mtu aendeshe barabara ya Usagara huku wewe ukitazama kwa nyuma, utaona tairi za nyuma hazifuati za mbele. Gari linakwenda upande kama kaa. Dawa yake ni moja: kukata tena ulichochomelea.

Fanya hivi badala yake. Injini na bodi zikiwa bado zimekaa, milango ikiwa imefungwa, pima nafasi za milango na uandike ukutani kwa chaki. Pima mshazari: toka bolti ya springi ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia, kisha kinyume chake. Tofauti isizidi milimita tatu. Ikizidi, gari liligongwa zamani na unahitaji mtu mwenye meza ya kunyooshea. Weka stendi imara karibu na mizizi ya springi, nne, chesisi ikiwa sawa kwa pima maji. Kisha toa milango na ufunge kwa bolti vyuma vya engo vya milimita 40 kwa 40 kwenye uwazi wa kila mlango: kimoja juu, kimoja chini, kimoja mshazari, toka ukuta wa injini hadi nguzo ya nyuma ya mlango. Hapo ndipo ukate, upande mmoja tu. Kata mpaka ufike kwenye chuma cheupe kinachong'aa. Kiraka kilichobandikwa juu ya kutu kinaficha maji katikati ya bati mbili na kuoza haraka kuliko mwanzo. Chesisi ina unene wa karibu milimita 2, kwa hiyo bati la kiraka ni la 2 au 3, rodi ya 2.5, ampia 60 hadi 70. Choma sentimita mbili na nusu, ruka upande wa pili, rudi, acha ipoe mpaka uweze kushika kwa mkono. Pima mshazari tena. Ndipo uhamie upande mwingine, hata kama kijana amenuna.

Ukuta wa injini ni mwembamba, kama milimita 1.2, rodi itautoboa, tafuta mwenye MIG, mashine ya kuchomelea kwa waya, au fundi wa gesi.

5. Tangi la mafuta litoke kabisa kabla ya cheche yoyote, na kwenye nyingi liko chini ya kiti. Betri ichomolewe. Land Rover nyingi za mwanzo wa miaka ya 1960 zimefungwa nguzo chanya kwenye bodi, kwa hiyo tazama kabla ya kuunganisha. Kwenye kikombe cha breki ni maji ya breki tu. Oili yoyote nyingine inavimbisha mipira. Gia boksi haibebwi na mzee mmoja na mjukuu.

6. Vyuma vidogo (bawaba, mabano, vishikio vya springi) vitoe kutu kwa magadi, yale ya maharage. Ndoo ya plastiki, kijiko cha mezani kwa kila lita nne, chaja ya volti 12: waya hasi kwenye chuma chako, chanya kwenye kipande cha nondo, visigusane. Usitumie chuma cha pua, kinatoa sumu, wala usitumbukize alumini. Fanyia nje, gesi inayotoka inawaka. Asubuhi osha, kausha juani, paka praima siku hiyohiyo. Asiye na umeme wa uhakika achukue molasi ya mifugo, sehemu moja kwa tisa za maji, wiki mbili, na avumilie harufu. Kupaka oili chafu chini ya gari eti kuzuia kutu, acheni jamani. Inakula mipira na inazuia rangi kushika.

7. Sasa rangi. Praima ya kijivu ya kawaida inanyonya maji, kwa hiyo gari lililopakwa praima na kuachwa uani Novemba nzima linapata kutu chini ya praima. Pati ya kujazia mabonyeo isizidi milimita tatu, na kamwe si juu ya kutu. Mwaga maji ya kompresa kila unapoanza. Piga asubuhi umande ukishakauka, umalize kabla upepo wa ziwani haujaamka mchana. Na msimulike kwa taa usiku, hasa mwezi unapoandama, maana vile vijidudu vya ziwani vinapanda kama moshi na vinapenda rangi mbichi kuliko kitu chochote. Vikishanasa, usiviguse. Acha rangi ikauke kabisa, kisha msasa wa maji namba 1500, kipande kidogo, mkono mwepesi.