Je, shahada pekee inatosha kuwa kocha wa mazoezi ya nguvu chuoni Marekani?

Ndugu yangu, umeuliza kama shahada ya sayansi ya mazoezi unayoimalizia huko Marekani itatosha kukupatia kazi ya kocha wa mazoezi ya nguvu katika timu ya futiboli ya Kimarekani ya chuo kikuu. Haitoshi. Utahitaji pia cheti, ama CSCS cha NSCA, chama cha Marekani cha wataalamu wa mazoezi ya nguvu kilichoanzishwa mwaka 1978, ama SCCC cha CSCCa (chama cha makocha wa nguvu wa vyuoni), cheti ambacho kwa kawaida hudai kwanza mafunzo ya vitendo ya saa 640 chini ya kocha aliyebobea. Mafunzo hayo ndiyo mlango wenyewe: utafika jimu kabla hakujapambazuka, utapanga vyuma na kufuta mabenchi, kisha utasimama nyuma ya mchezaji wa kilo 140 anayechuchumaa na nondo mabegani, ukichunga magoti yake yasiingie ndani, huku kocha wako akitazama jinsi unavyomrekebisha bila kumvunja moyo. Baadaye wengi huwa wasaidizi kwa posho ndogo huku wakisoma shahada ya uzamili.

Linaloniumiza katika kazi hii ni kwamba kocha mkuu wa timu akifukuzwa, mara nyingi kocha wa nguvu huondoka naye; kwa hiyo, kabla hujasaini mkataba wowote, zungumza na familia kuhusu kuhamahama, na hakikisha imeandikwa utalipwa nini mkataba ukivunjwa.