Kununua nyumba ya zamani katikati ya Mwanza: anza na ukoo, ukuta utafuata

Mkuu, umeuliza kama uuze kiwanja chako cha Buhongwa ili uchukue nyumba ya zamani upande wa Mirongo, yenye vyumba sita, ua nyuma na baraza mbele. Umesema pia kwamba dalali anakuharakisha, eti kuna mteja mwingine anatoka Dar. Mimi nilinunua nyumba ya aina hiyo mwaka 2019, mitaa michache tu kutoka hapo unapopataja, na bado tunakaa humo. Nitajibu kwa kirefu, maana wakati wangu sikupata wa kunieleza, na akiba ya miaka kumi na miwili nusura iondoke mbele ya macho yangu.

Nilianza kama unavyotaka kuanza wewe. Nilikwenda na fundi, tukagonga kuta, tukapanda darini, tukahesabu nyufa. Nyufa zinazibika. Kinachomaliza mnunuzi wa nyumba za katikati ya mji ni jina lililoandikwa kwenye hati. Nyumba hizi nyingi zilikuwa za wazee wa enzi za pamba na reli. Reli ilifika Mwanza 1928, watu wakaja kufanya kazi stesheni, bandarini na kwenye maghala ya pamba, na waliojaliwa wakapata nyumba. Wazee hao wametangulia mbele ya haki. Watoto wametawanyika Geita, Bukoba, Dar. Hati bado inasoma jina la marehemu. Kwa hiyo mtu akikuambia "nyumba yangu", muulize palepale: yako wewe, au ya baba yenu?

Aliyekuwa ananiuzia mimi alikuwa mtoto wa kiume wa mzee, mtu mstaarabu, na alikuwa na barua ya mahakama inayomtaja kuwa msimamizi wa mirathi. Wakili wangu alifanya upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Majibu yalirudi masafi: jina la marehemu, hakuna rehani ya benki, hakuna zuio. Nikaona yamekwisha. Tukapanga tukutane Ijumaa tusaini na nitoe nusu ya fedha.

Jumatano jioni nilipita kupima mlango wa ua. Barazani kulikuwa na mzee mmoja, fundi cherehani, mpangaji wa hapo tangu ujana wake. Alikuwa anashona sare za shule, na hakusimamisha mguu kwenye kanyagio. Akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, na yule dada yao wa Nansio ameshakuja?" Nikamwambia sijui habari za dada yoyote. Ndipo akasimamisha cherehani. Akanitazama, akasema, "Basi nenda kamwone kwanza. Mimi sijakwambia kitu."

Ijumaa sikusaini. Jumamosi mimi na mke wangu tulipanda meli kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe. Tulimkuta mama wa makamo, mtoto mkubwa wa mzee kwa mke wa kwanza. Alitukaribisha vizuri, akatuwekea machungwa na matobolwa, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaingia ndani akarudi na kitu kimefungwa kwenye kanga iliyofifia. Akakifungua mkekani: risiti za kodi ya pango la ardhi, mwaka mmoja juu ya mwingine, nyingine zimekuwa za njano na zimekatika mikunjoni. Tangu baba yao afariki, yeye ndiye aliyekuwa analipia ile ardhi kwa fedha ya samaki wake. Hakuna aliyemwambia kwamba nyumba inauzwa. Aliniambia maneno ambayo sijayasahau: "Kuuza sikatai, baba. Nakataa kurukwa."

Karatasi zote zilikuwa safi, mkuu, na bado ningenunua kesi. Msimamizi wa mirathi si mwenye mali, anaishika kwa niaba ya warithi wote, na mrithi aliyerukwa anaweza kwenda mahakamani hata baada ya wewe kuhamia na kupaka rangi. Upekuzi wa ofisini unakuonyesha kilichoandikishwa. Aliyerukwa haonekani humo. Huyo utamjua kwa wapangaji, kwa majirani, kwa balozi, kwa mama anayeuza maandazi pembeni. Kaa barazani. Kunywa kahawa ya mtu wa jirani. Uliza mzee alikuwa na wake wangapi na watoto wangapi, na uhesabu mwenyewe kama hesabu hiyo inalingana na sahihi ulizoonyeshwa.

Sisi tulirudi nyuma tukaanza upya. Kikao cha ukoo kilikaa, wote saba wakasaini muhtasari mbele ya wakili, na kila mmoja akaandika akaunti yake mwenyewe. Msimamizi alitangulia kuandikishwa kwenye hati kwa nafasi yake ya usimamizi, halafu ndipo uhamisho ukaja kwangu. Usikubali kuruka hatua hiyo kwa kuambiwa "tutabadilisha moja kwa moja". Fedha haikupita mkononi mwa mtu, kila mgao uliingia benki siku hiyohiyo. Ilituchukua miezi minne zaidi. Bei nayo ilipanda kidogo, kwa sababu dada yao alisema kaka yake alikuwa ameitupa. Nililipa bila kinyongo.

Jambo la pili linahusu historia ya mji wenyewe, na wengi hulipata wakiwa wamechelewa. Mwaka 1971 serikali ilipitisha Sheria ya Utwaaji wa Majengo, na majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000 yakachukuliwa, mengi yakiwa ya Watanzania na wakazi wenye asili ya Asia. Yaliwekwa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 yakaingia Shirika la Nyumba la Taifa. Katikati ya Mwanza majengo hayo yapo, yale ya ghorofa yenye duka chini na makazi juu. Mtu anayekaa humo miaka thelathini anaweza kukwambia "nakuachia nyumba" na kukutajia fedha nzito. Anachokuachia ni upangaji, na fedha hiyo ni kilemba. Ukilipa kilemba hujanunua hata tofali moja, na mwenye jengo hana habari na makubaliano yenu. Kwa hiyo kabla ya mambo ya ukoo, pata namba ya kiwanja na kitalu, ujue mmiliki ni mtu au shirika. Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa kwenye karatasi ya mauziano unashuhudia kwamba mlikutana, hauhamishi hati.

Ukiishika hati mkononi, soma muda wake. Chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999 ardhi yote ni ya umma, Rais ni mdhamini, na wewe unapewa haki ya kumiliki kwa miaka 33, 66 au 99. Hati ya zamani inaweza kuwa imebakiza miaka michache, au imeshakwisha na watu wanaendelea kukaa kwa mazoea. Soma pia matumizi, makazi tu au makazi na biashara. Halafu nenda kwa afisa mipangomiji wa halmashauri, muulize kama mtaa uko kwenye mpango wa uendelezaji upya. Hapa nakusihi kabisa, kwa sababu usipouliza unaweza kununua nyumba ya chini, ukatumia fedha kuikarabati, kisha ukaambiwa eneo hilo ni la ghorofa. Wala usitegemee uzee wa nyumba uilinde. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863, na mji wetu huu Wajerumani waliuanzisha 1892. Nyumba hizi zinalindwa na wanaokaa ndani yake tu. Nikiona moja inavunjwa kupisha fremu za maduka naumia, nakwambia kweli.

Kama muuzaji ana mke au mume, taka ridhaa ya mwenza kwa maandishi. Iwe imeandikwa kwa jina la mmoja au la wawili, nyumba ya ndoa haiuzwi kimyakimya.

Sasa ukuta. Kuta zetu ni tofali za kuchoma juu ya msingi wa mawe, zimeungwa kwa udongo na chokaa. Mtu mmoja kabla yetu alikuwa amepiga lipu ya saruji kuanzia chini mpaka usawa wa kiuno, rangi ikawa inabanduka kila masika na yeye anapaka tena. Fundi wangu aligonga kwa kishikio cha nyundo: juu ukuta uliitika mzito, chini uliitika kama mtungi mtupu. Akaingiza ncha ya mwiko, kipande cha lipu kikaanguka kizima, na nyuma yake kulikuwa na unga mweupe kama chumvi ya kupikia. Kweli ilikuwa chumvi. Unyevu unapanda kutoka ardhini, ukuta wa zamani unaupumua kupitia chokaa, lakini saruji inaufungia ndani. Maji yakikosa njia yanaacha chumvi nyuma ya lipu, chumvi inaisukuma mpaka inadondoka. Tulibandua saruji yote, tukaacha kuta wazi kiangazi kizima, tukapiga lipu ya chokaa. Mpaka leo hazijabanduka. Fundi akikwambia "tuongeze saruji iwe imara", tafuta fundi mwingine.

Darini nenda na bisibisi. Choma kila kichwa cha kenchi pale inapokaa ukutani, ndipo mchwa wanapoanzia. Kenchi zetu ni za mninga na zilikuwa nzima, isipokuwa mbili upande wa jikoni. Waya za umeme zitoe zote, usibakize hata chumba kimoja. Choo ulizia kama kimeunganishwa na bomba la majitaka la mji au kinaingia karo lililozikwa uani, maana sisi tuligundua karo siku tulipotaka kupanda mchungwa.

Umesema nyumba yako iko jirani na mto Mirongo. Mto huo unapita katikati ya mji ukibeba maji ya milimani, na mvua kubwa ikinyesha kwenye mawe yale, maji hayana pa kunywea, yanashuka yote kwa pamoja. Usiulize "huwa panafurika?" Sema: "Naomba unionyeshe maji yalifika wapi." Watu watakuonyesha kwa kidole ukutani. Pima pia umbali, kwa sababu Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka kingo za mto na ziwa, na ndani ya mita hizo kibali cha kujenga upya ni mgogoro. Wanaotamani nyumba za ufukweni nao wakumbuke 2020, ziwa lilipopanda kupita kile kiwango cha 1964.

Gharama za uhamisho nitazipitia haraka. Muuzaji anadaiwa kodi ya ongezeko la mtaji, ipo ushuru wa stempu wa asilimia moja, yupo mthamini, yupo wakili, na ada za uandikishaji. Andikeni kwenye mkataba nani analipa nini. Malimbikizo ya kodi ya ardhi yalipwe kabla hujatoa fedha. Wapangaji nao waandikwe majina, na kodi waliyolipa mbele ihesabiwe kwako.

Kuishi hapa ni kuzuri. Natembea kwa miguu kwenda kazini. Alfajiri nasikia adhana, halafu honi ya kivuko cha Kamanga, halafu mikokoteni ya watu wa sokoni. Jioni mke wangu anatoka kununua sato na kurudi maji ya ugali hayajachemka. Kelele zipo, gari huna pa kuliweka, na mtaa wa Makoroboi ukijaa watu huwezi kupita na friji. Lakini watoto wangu wanajulikana kwa majina na mtaa mzima. Yule fundi cherehani bado yuko barazani, kodi yake hatujaigusa. Dada wa Nansio akija mjini hospitali anafikia kwetu, kwenye chumba kilichokuwa cha baba yake.

Kiwanja cha Buhongwa usikiuze sasa. Weka miadi na wakili wiki hii, fanya upekuzi, na wakati unasubiri majibu nenda ukakae barazani pale bila dalali. Kama huyo mteja wa Dar yupo kweli, mwache atangulie kununua asichokijua. Majibu yakitoka yaweke hapa, ufute jina na namba ya kiwanja, tutayasoma pamoja.