Afisa ardhi anataka "ya soda": fanya hivi kabla hujatoa

Pole sana ndugu. Umesema afisa ardhi anataka laki mbili pembeni ndipo hati yako itoke. Usimpe! Kifungu cha 15 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 kinambana mtoaji sawa na mpokeaji. Malipo halali ya serikali huja na namba ya kumbukumbu ya malipo. Akikupa namba yake ya simu, hiyo ni rushwa.

Usigombane naye, akishtuka ushahidi umepotea. Mwambie bado unatafuta hela, usifute meseji hata moja, kisha piga 113 TAKUKURU, taasisi ya kuzuia rushwa Tanzania, ni bure. Wakiamua kuweka mtego, namba za noti utakazompa hunakiliwa kabla. Wengi huharibu hapa: wanalipa kwanza, wanaripoti noti zikishatumika.